Kurekodi hadithi za bibi

Mjomba wangu hapa Ujiji anataka kuhifadhi hadithi za Kiha anazosimulia bibi, na kompyuta kwake ni ya kuandikia barua tu. Wengi walimshauri Audacity, programu ya kurekodi na kukatakata sauti. Ni nzuri mno, ya bure, ipo tangu mwaka 2000, naipenda sana. Ila ukihifadhi kazi unapata faili la mradi. Kusikiliza kwenye simu lazima kwanza uitoe kama faili la sauti la kawaida, MP3 au WAV. Hapo mzee angekwama. Nikamwonyesha kinasa sauti cha Windows: unabonyeza, bibi anasimulia, unazima, faili tayari. Kukatakata nitafanya mimi baadaye. Sasa tunatafuta maikrofoni ya USB, maana ya laptopu inanasa na mlio wa feni yake. Mwenye nayo Kigoma mjini aniambie, tafadhali.