Nilivyopata usiku mmoja wa nyota Longido bila kuacha pengo nyumbani

Ukiwa mke, mama na mkazamwana katika nyumba moja ya Arusha, safari ambazo hakuna anayezihoji ni zile ambazo kila mtu anazijua kwa jina: msiba, harusi, ubatizo, kumwona mgonjwa, semina ya kazini. Safari ya kwenda kulala Longido peke yangu ili nitazame nyota haikuwa na jina, na kwa sababu hiyo kwa muda mrefu ilikuwa ikisukumwa mbele kila kilipojitokeza kikao cha harusi au zamu yetu ya kuikaribisha jumuiya.

Kilichonisaidia ni kalenda ya ukutani iliyoko jikoni, ile yenye tarehe za kawaida pamoja na za Kiislamu. Tulipewa na jirani yetu, mama mtu mzima mwenyeji wa Pangani, na ni yeye aliyenifahamisha kwamba usiku wa tarehe 28 na 29 za mwezi mwandamo ndio wenye giza totoro, kwa kuwa siku hizo mwezi huwa karibu na jua na huzama pamoja nalo au kabla yake. Mzunguko mzima huchukua takriban siku 29 na nusu, kwa hiyo usiku wa giza unaweza kuhesabiwa miezi mingi kabla haujafika. Hapo nikatambua kwamba tarehe yangu inaweza kuwekwa na jambo ambalo si mimi niliyeliamua, na tarehe ya namna hiyo huheshimiwa katika familia. Ukisema unataka kupumzika mwisho wa wiki, utaulizwa kwa nini usisubiri wiki ijayo; ukisema giza ni Ijumaa hii na wiki ijayo mwezi utakuwa umeshakua, watu huacha kubishana kama uende na huanza kupanga nani atashika nini.

Nilichagua mwishoni mwa Juni, shule zikiwa zimefungwa, kwa hiyo suala la sare na kazi za nyumbani za watoto halikuwepo. Ugumu wa majira hayo ni mawingu. Upepo wa kusi huja na unyevunyevu, hupanda miteremko ya kusini ya Meru na Kilimanjaro, na sisi tunaoishi upande huo tunaweza kukaa siku nyingi bila kuliona jua vizuri, sembuse nyota. Upande wa kaskazini wa milima hiyo hubaki mkavu, ndiyo maana nyasi za Longido huwa zimeshakauka wakati bustani zetu bado zina umande. Ni mwendo wa kilomita 80 hivi kwa barabara ya Namanga, na taa za jiji unaziacha mbali nyuma yako.

Jambo lililonigharimu maandalizi zaidi ni dawa ya baba mkwe. Ana kisukari na huchomwa insulini asubuhi na jioni kabla ya kula, na kwa miaka yote aliyokaa nasi mchomaji nimekuwa mimi. Sikutaka kumwachia mtu karatasi ya maelekezo na kuondoka. Nilimwomba wifi yangu aje mapema, awe anachoma yeye nami nikiwa nimesimama pembeni, mpaka mkono wake ulipozoea na mzee mwenyewe akaacha kunitazama mimi kila sindano ilipotolewa. Nilimwonyesha namna ya kubadilisha mahali pa kuchoma ili ngozi isije ikawa ngumu, na kwamba chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji lakini isigande kamwe. Tulirudia zaidi dalili za sukari kushuka, yaani jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, ambapo mgonjwa akiwa bado anaweza kumeza hupewa kitu chenye sukari mara moja, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Kwa maoni yangu, hilo lilikuwa na thamani kubwa kuliko safari yenyewe, kwa sababu nyumba ambayo uhai wa mzee unategemea mikono ya mtu mmoja iko hatarini hata kama mtu huyo hatoki kwenda popote.

Mume wangu alikubali mapema. Aliuliza tu nitalala wapi na nani atakuwepo. Nilimpa namba ya simu ya wenyeji wa kambi yenye uzio na mlinzi, naye akazungumza nao mwenyewe. Aliyekataa ni mama yangu mzazi. "Mwanangu, mwanamke mwenye mji wake analalaje nje peke yake kwa ajili ya nyota?" Sikumjibu kwa hoja. Nilimweleza kila kitu kilivyopangwa, kuanzia usafiri hadi chakula cha watoto, nikamwomba anipigie saa mbili usiku asikie sauti yangu. Baba mkwe, ambaye nilidhani atakuwa mgumu kuliko wote, aliuliza swali moja tu, kuhusu Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana: "Mama, na Kilimia utakiona?"

Suala la simu lilihitaji mpango wake. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza vizuri, na mwanga mweupe wa kioo cha simu huivuruga kazi hiyo kwa mara moja, lakini mama wa watoto hawezi kuzima simu usiku kucha. Tulikubaliana kwamba baada ya mazungumzo ya saa mbili hakuna atakayenitumia ujumbe wa kawaida. Kukiwa na dharura wapige, nami ningeisikia milio. Tochi niliifunga kitambaa chekundu, kwa kuwa mwanga mwekundu hafifu hauyasumbui macho sana.

Giza lilipokamilika niliona kitu ambacho watu wengi duniani hawawezi kukiona wakiwa wamesimama mahali pamoja: kusini Msalaba wa Kusini ukiwa wima, na kaskazini, nikigeuza shingo tu, nyota saba za Dubu Mkubwa. Sisi tuko nyuzi tatu hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo tunapata karibu anga lote, isipokuwa Nyota ya Kaskazini ambayo imezama chini kidogo ya upeo wetu. Kwa darubini ndogo ya macho mawili nililitafuta fundo la Omega Centauri, lenye mamilioni ya nyota na lililo umbali wa takriban miaka ya nuru 17,000, nikalikuta kama doa la ukungu lililo jeupe katikati. Kufikia saa sita usiku kundi la nyota liitwalo Nge lilikuwa limepanda juu kabisa, na mkanda wa Njia ya Maziwa ulikuwa umelivuka anga, mpana na wenye mawaa meusi ya vumbi ambayo mjini sijapata kuyaona. Nililia kidogo, kwa furaha.

Baada ya saa kumi alfajiri Kilimia kikachomoza kaskazini mashariki. Mlinzi, kijana wa Kimaasai, alinisogelea akaniambia kwamba wazee wao huzitazama nyota hizo kujua habari za mvua. Saa kumi na mbili nikapiga simu nyumbani. Wifi alikuwa ameshachoma, na baba mkwe akaomba apewe simu ili anisikie kuhusu Kilimia kabla sijamsalimia mtu mwingine.

Tangu hapo utaratibu umebaki. Wifi akisafiri, watoto wake hulala kwetu, na mume wangu naye amepata siku zake za kwenda Rombo bila sisi. Mwezi Septemba giza liliangukia siku za kipaimara cha mtoto wa wifi, nikabaki nyumbani na kupika pamoja na wengine, kwa kuwa tarehe ya Oktoba ilikuwa imeshazungushiwa duara kwenye kalenda. Mtoto wetu wa kwanza ameomba twende pamoja safari hiyo. Nimemjibu kwamba yeye tutakwenda naye Desemba shule zikifungwa, mvua za vuli zikituruhusu. Oktoba ninakwenda peke yangu.