Mahindi yalivyonishinda kwenye luseni

Shamba langu liko Misungwi, mkoani Mwanza, kwenye mwinuko chini ya mawe makubwa ya matale (graniti). Udongo wake ndio ule Wasukuma tunauita luseni: mchanga mwepesi uliotokana na mawe hayohayo kuchakaa. Kuulima ni raha, hata jembe butu linazama. Ila misimu miwili mfululizo mahindi yalifika magotini yakageuka njano, majani ya chini yakianzia kwenye ncha. Nikamwaga mbolea ya urea yote kwa mkupuo mmoja. Siku mbili baadaye mvua kubwa ikanyesha. Hela yangu ikazama ardhini.

Mzee jirani alinicheka, kisha akamwaga ndoo ya maji mbele yangu. Yalipotea kabla hatujamaliza kusalimiana. "Babu, huu mchanga hautunzi kitu. Ulishe kidogokidogo."

Basi nikabeba samadi iliyoiva kutoka zizini, viganja viwili kila shimo. Kazi ya kuvunja mgongo, sifichi. Matuta nikayapiga kukingama mteremko na kuyafunga kwa vijituta katikati, maji yasikimbie. Urea nikaigawa mara mbili, nikiifukia udongo ukiwa na unyevu.

Mahindi nikayabakiza sehemu ya chini tu, inakokaa rutuba na maji. Juu nilipanda mihogo, karanga na njugu mawe. Karanga zinapenda mchanga: unang'oa zinatoka safi, hazikatiki. Majani na mashina yake siyachomi tena, nayafukia.

Msimu huu mahindi ya chini yamebeba. Ya juu sikuyapanda, na siyakumbuki.