Vistari 310

Oktoba 2011, wilayani Bahi, vumbi mpaka kwenye meno. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka huo, nikapewa kukadiria ukubwa wa tanki la kijiji. Niliona hesabu nyepesi: watu 4,000, kila mmoja lita 25 kwa siku kama Sera ya Maji ya 2002 ilivyotaka, jumla mita za ujazo 100. Tanki la nusu siku, basi: 50. Nikapiga mstari chini.

Mhandisi wangu hakubisha. Alisema tu, "Nenda kijiji cha jirani, ukae kilulani, pale bombani wanapochota maji, kutwa nzima."

Nilifika saa 10 alfajiri nikidhani nimewahi. Ndoo zilishapanga foleni, na penye pengo pana jiwe la mtu aliyerudi kulala. "Mbukwa, mama," nikamsalimu mhudumu. Alikicheka Kigogo changu, akanisogezea dumu nikalie.

Kila ndoo ya lita 20, kistari kimoja. Hadi saa 2 asubuhi, mtambo ukiwa bado haujawashwa, vilikuwa 124. Mchana foleni ikafa, mhudumu akasuka ukili. Saa 10 jioni watoto wakatoka shule, ikafufuka. Saa 2 usiku: 310.

Yaani asilimia 40 ya maji ya siku yalichotwa kabla pampu haijaguna! Usiku ule, kwa taa ya kibatari, nikayapeleka yale kwenye kijiji changu: pampu ya mita za ujazo 10 kwa saa, saa 2 asubuhi hadi 12 jioni. Tanki langu la 50 lingefurika alasiri, maji yakamwagika bure, na baada ya foleni ya jioni lilale na 32 hivi. Alfajiri watu wanataka 40. Wa mwisho kwenye foleni wangekuwa wanarudi na ndoo tupu kila siku ya Mungu. Kusawazisha peke yake, yaani kutunza maji ya pampu mpaka foleni iyahitaji, kulidai karibu 60. Nikaongeza akiba ya siku dizeli inapochelewa, nikaandika 100.

Kabla ya hapo, wakati wa kufunga, mhudumu alikuwa amehesabu pesa zake: ndoo 296.

"Umezidisha kumi na nne, mwanangu."

Nikamfungulia daftari. Alilitazama, akashusha sauti. Hizo kumi na nne zilikuwa za wazee wawili na mzazi aliyejifungua juzi.

"Hizo zifute. Kamati ya maji wakiziona, nitazilipa mimi."

Nikamwahidi kamati hawataliona daftari. Vistari sikuvifuta.