Mitungi Sita ya Maji ya Mfereji

Julai 2019 nilijaza tangi langu la kwanza la kufugia matumbawe, wale viumbe wa baharini, kwa maji ya mfereji: lita 120, mitungi sita ya njano niliyoipandisha mwenyewe hadi ghorofa ya nne, huku Umoja. Ilikuwa siku yetu ya mgao, na anayeishi Nairobi anajua, maji yakija unakinga kwanza. Hayaulizwi yametoka wapi.

Si kwamba nilikuwa mbumbumbu kabisa. Klorini nilikuwa naijua. Niliyaacha maji kwenye ndoo wazi usiku kucha, pampu ndogo ikiyatia mapovu, hadi ile harufu ya dawa ikaisha. Kisha nikamimina chumvi ya bahari ya paketi, kilo nne na ushei, nikakoroga kwa mwiko wa ugali mpaka kipimo cha chumvi kikasoma 1.025, kama bahari. Nikampigia mjomba wangu wa Kilifi, mvuvi tangu ujanani, kumwambia kwamba najitengenezea bahari. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, bahari unaisonga kwa mwiko?"

Nikangoja wiki tano wazaliane bakteria wanaokula amonia, sumu itokanayo na uchafu, hadi iishe. Halafu nikatia kamba wawili wadogo, konokono wachache na kipande cha tumbawe laini nilichouziwa na mfugaji mwenzangu.

Mchanga ndio ulioanza kubadilika. Utando wa kahawia, laini kama unga wa wimbi, ulitandaa juu yake; niliufuta jioni, asubuhi umerudi. Tangi jipya kupata utando huo ni kawaida, lakini wangu ulikataa kuondoka. Ukafuatwa na mwani wa kijani, nyuzi ndefu kama nywele, zikayumba kwenye mkondo wa pampu. Tumbawe likajikunja kama ngumi. Alfajiri moja nikamkuta kamba mmoja chali, miguu ikichezacheza. Mwenzake hakufika saa nne.

Nililaumu taa. Nikalaumu chakula. Yule mfugaji alipokuja kunitazamia, hata hakulitazama tangi sana. Alikinga glasi ya maji jikoni kwangu, akachovya kipimo chake kilichofanana na kalamu, cha kupima vitu vilivyoyeyuka majini. Namba ikasimama kwenye 312.

"Hapa tunataka sufuri, kaka. Klorini umeitoa, sawa. Na haya mengine?"

Haya mengine ndiyo sikuwa nayajua. Silika, yale madini ya kioo, ambayo dayatomu, mwani wadogo mno wa ule utando, hujijengea maganda yao. Naitreti na fosfeti, mbolea ya mwani. Na shaba: binadamu anaimeza kidogo bila kudhurika, lakini kamba na konokono wanakufa. Matone ya kupimia yalionyesha ipo. Ilitoka bomba gani la ploti yetu, mpaka leo sijui. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoondoka kwa kuacha ndoo wazi. Keateka, msimamizi wa ploti, naye nilipomuuliza, aliniambia bila wasiwasi kwamba maji ya kanjo yakikatika, tangi la juu hujazwa maji ya kisima.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kila jioni nilikuwa naongeza lita moja hivi kufidia yaliyovukiza, nikijiona mlezi mwema. Maji hupaa peke yake. Madini yote hubaki chini, nami kesho yake naleta mengine.

Nikamwaga lita zote 120. Mama Otieno wa ghorofa ya chini akaziona ndoo zikipita, wiki hiyo mifereji imekauka, akasimama mlangoni. "Si ungenipa hata mbili nifulie?" Nikamwambia achovye kidole, aonje. Akatema.

Niliponunua mashine ya kuchuja maji kwa kuyasukuma kupita ngozi yenye vitundu vidogo mno, yenye resini za kunasa madini yanayobaki, ikaja na aibu yake: kwa kila lita moja safi, hutupa tatu au nne. Hizo hazina chumvi ya bahari, kwa hiyo Mama Otieno ndiye huzichukua, anafulia na kupigia deki. Juzi keateka alimkuta akishusha ndoo ngazini, akanipigia kelele kutoka chini:

"Kumbe ni kweli! Binadamu wanakunywa ya mfereji, samaki wako wanachujiwa?"