Miaka Iliyoliwa na Nzige

Nzige wa jangwani walipofika Mwingi, katika Kaunti ya Kitui, mwezi wa Januari mwaka 2020, mimi sikuwa nyumbani. Nilikuwa Nairobi, katika mwaka wangu wa tisa wa ulevi, na habari nilizipata kwa simu kutoka kwa mama, ambaye alinieleza kwa sauti iliyokauka jinsi yeye na binti yangu walivyoshinda shambani wakipiga madebe na kuwasha moto wa moshi, na jinsi ndengu zilizokuwa zimebakiza siku chache tu kuvunwa zilivyogeuka vijiti. Nilimpa pole. Kisha, nasema haya kwa aibu, nikamwomba anitumie pesa kidogo.

Kenya ilikuwa haijaona uvamizi wa namna ile kwa miaka ipatayo 70. Kundi la nzige lililotanda kilomita moja ya mraba laweza kuwa na wadudu milioni 80, na kwa siku moja likala chakula ambacho kingewatosha watu 35,000. Hata hivyo, mambo hayakuanza kwetu wala hayakuanza mwaka ule, kwa maana vimbunga viwili vya mwaka 2018, Mekunu na Luban, vilikuwa vimeinyeshea nchi kame ya kusini mwa Rasi ya Arabuni, na nzige wakazaliana kizazi baada ya kizazi katika mchanga ambao hakuna mtu aliyekuwa akiutazama. Pombe nayo hulelewa hivyo hivyo, mahali pasipo mtazamaji.

Niliacha kunywa mwaka 2021, na miezi michache baadaye, katika kikundi cha wanaume cha kanisani, tukafika kwenye Yoeli 2:25: “Nami nitawarudishia hiyo miaka iliyoliwa na nzige, na parare, na madumadu, na tunutu.” Wengi wetu tulikuwa tumeusikia mstari huu katika mikesha ya mwaka mpya, ambako huhubiriwa kana kwamba Mungu ni benki iliyokawia kulipa riba, na kila mtu huitikia “Amina” akiwaza kiwanja chake au gari lake. Sijawahi kuyapenda mahubiri hayo. Lakini siku ile na mimi niliusoma kama mtu aliyeibiwa: miaka yangu, kazi yangu, ndoa yangu, vyote vimeliwa, na sasa ningerudishiwa.

Mzee mmoja wa kikundi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, akatuuliza kwa nini imeandikwa “nitawarudishia” wala si “nitakurudishia”. Lilikuwa swali la sarufi tu, la mtu aliyezoea kusahihisha insha, nami sikulala usiku ule. Kama ahadi ni ya wengi, basi ilinipasa kuhesabu ni miaka ya nani iliyokuwa imeliwa, na hesabu ikaanza kunitoka mimi na kwenda kwa wengine. Magunia ya ndengu ambayo mama aliyapakia kwenye basi ili niyauze Nairobi kwa ajili ya karo, nikayanywa. Binti yangu alirudishwa nyumbani kwa kukosa karo mara nyingi hata akarudia darasa. Mimi sikuwa shamba katika kifungu hiki. Nilikuwa tunutu, yule nzige mchanga asiye na mbawa bado, anayekula huku akitambaa, na ambaye hakuna anayemhesabia hasara mpaka anapopita.

Mtu anaweza kudhani kwamba ugunduzi wa namna hiyo humvunja mlevi aliyeacha pombe juzi. Kwangu mimi ndio uliofungua mlango, kwa sababu kabla yake nilikuwa nikimwomba Mungu anisahaulishe, na Yoeli hasahaulishi neno. Anaanza kwa kuwataja wadudu kwa majina, anawaambia wazee wawasimulie watoto wao, na ndipo katika sura ya pili anaita: “rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu.” Ahadi ya miaka inakuja baada ya hayo yote, nayo imewajumlisha waliolia wote pamoja, bila kuniwekea mimi benchi la pembeni. Bado kuna maneno yanayonisumbua, hasa pale Mungu anapowaita nzige “jeshi langu kubwa”, na sitayarahisisha hapa.

Nilichotaka kujua ni namna miaka inavyorudishwa, maana mwaka 2014 haurudi. Yoeli anajibu kwa vitu vya ghalani: sakafu za kupuria zilizojaa ngano, mafuta, watu kula wakashiba. Anataja na divai inayofurika, ahadi ambayo mimi binafsi nimeomba niiruke. Kwa hiyo nilirudi Mwingi nikashika jembe, na karo ya binti yangu ikawa ndiyo sala yangu.

Februari iliyopita mama alinikabidhi magunia mawili ya ndengu niyapeleke sokoni peke yangu, mara ya kwanza tangu enzi zile. Nilirudi kabla ya jua kutua nikamwekea pesa mezani. Alizihesabu mara mbili mbele yangu, bila neno, kisha akamwita binti yangu azihesabu mara ya tatu.