Ndala ya mjomba

Mwaka 2009, likizo ya mwaka wa tatu chuoni, nilirudi Mwanza na begi la nguo chache na rundo la fotokopi. Nilikuwa na semina ya fizikia ya kuwasilisha nikirudi Dar, na mada nilishaichagua kwa sababu ya jina lake tu: picha ya mzuka.

Mjomba alikuwa mvuvi wa dagaa Igombe. Wiki ile mwezi ulikuwa mpevu, na mbalamwezi ikishawaka dagaa hawana habari na karabai, kwa hiyo nilimkuta mwaloni ameketi mchangani akishona wavu, mguu mmoja una ndala, mwingine mtupu. Nikaona nimepata msikilizaji asiye na pa kukimbilia.

Nikamweleza jaribio la mwaka 1995 la Pittman, Shih na wenzao kule Maryland. Leza inamulikwa kwenye fuwele, na mara chache sana fotoni moja, yaani chembe ya mwanga, inagawanyika zikawa mbili, pacha. Mmoja anapelekwa kwenye kibao kilichotobolewa herufi UMBC, kifupi cha chuo chao. Nyuma ya kibao kuna kitambuzi kinacholia fotoni ikipita, lakini hakijui imepitia tundu lipi. Pacha wa pili anashika njia nyingine, kibao hakioni kabisa, na huko kitambuzi kingine kinarekodi ametua wapi. Ukihesabu zile tu zilizolia kwa pamoja, herufi zinajichora upande ambao haukukutana nazo.

"Inakuwaje?" akauliza.

"Zimefungamana, mjomba: hata zikiwa mbali, hali ya moja haitenganishwi na ya mwenzake. Bila ufungamano haiwezekani."

Akakata uzi kwa meno. "Ndala yangu nyingine imesahaulika kwenye mtumbwi wa injini uliokwenda Nansio asubuhi. Hii niliyovaa ni ya kushoto. Ya Nansio ni ya mguu gani?"

"Wa kulia."

"Umefika Nansio leo?"

"Hapana."

"Basi ndala zangu nazo zimefungamana?"

Nikaanza maneno ya mawimbi na uwezekano, mikono ikipaa. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa, kisha akarudi kwenye wavu wake.

Niliondoka nimenuna. Usiku, nyumbani Kirumba, nikapekua rundo langu na kukuta karatasi niliyoilipia fotokopi bila kuisoma zaidi ya ukurasa wa kwanza: Bennink, Bentley na Boyd, chuo cha Rochester, 2002. Walichukua leza ya kawaida, wakaugawa mwale wake mara mbili, wakawa wanaubadilisha mwelekeo ovyo mpigo hadi mpigo. Mwale mmoja ukielekea huku, mwenzake naye anaelekea sehemu inayolingana. Basi. Picha ya mzuka ikatokea, na ufungamano haukuwemo. Ni ndala tupu! Kufikia 2005 wengine walikuwa wameipata hata kwa leza iliyopitishwa kwenye kioo kilichokwaruzwa kinachozunguka, ingawa picha ilikuja na ukungu nyuma yake.

Aibu niliyoipata ilinikosesha usingizi. Lakini ndala nazo zina mipaka, na hapo ndipo mjomba alikuwa hajafika. Ndala ni ya kulia tangu kiwandani, uiangalie usiiangalie. Mwanafizikia John Bell alionyesha mwaka 1964 kwamba dhana hiyo inaweza kupimwa, na mwaka 1969 Clauser na wenzake wakaiweka katika hesabu inayofaa maabara: kama kila fotoni inazaliwa na majibu yake mfukoni, ukiwapima pacha wawili kwa vichujio vya mwanga vilivyogeuzwa pembe mbalimbali, jumla fulani ya kukubaliana kwao haivuki 2. Zilizofungamana zinaweza kufika karibu 2.83. Aspect na wenzake, mwaka 1982, walipata karibu 2.70. Kumbe ukiuliza swali moja tu, kushoto au kulia, hutatofautisha kitu. Lazima ugeuze pembe.

Asubuhi nikarudi Igombe na hesabu yangu kwenye karatasi.

"Hiyo 2.70," mjomba akasema, "ndala zinaifikia?"

"Hazifiki."

"Sasa kwa nini jana hukuanzia hapo?"

Nilifuta kichwa cha semina nikaandika kingine, chenye alama ya kuuliza.

Mtumbwi wa Nansio uliingia jioni. Ndala ilikuwemo chini ya maturubai, ya kulia kama tulivyosema. Kamba yake ilikuwa imekatika, na hilo ya kushoto haikutuambia.