Nilivyojifunza kusema kitu kiko wapi kwa Kireno

Kazi ya stoo ni kujibu swali moja kutwa nzima: kiko wapi? Nilipohama Mtwara kwenda Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, kumsaidia binamu yangu katika duka lake la vipuri vya magari, swali hilo lilinijia kwa Kireno: onde está? Wafanyakazi wenzangu walizungumza Kimakua wao kwa wao, lakini kwa wateja wengi, kwenye risiti na kwenye lebo za makasha, lugha ilikuwa Kireno. Ndiyo maana sikuanza na kuhesabu wala majina ya siku. Nilianza na mahali pa vitu, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na riziki yangu.

Kitabu nilichosafiri nacho kilikuwa cha Kiingereza, na kilitumia kurasa nyingi kueleza jinsi neno dogo em linavyofanya kazi ya maneno matatu ya Kiingereza. Aliyenikwamua ni mzee wa stoo, mtu aliyewahi kuishi Nachingwea, kusini mwa Tanzania, wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji na ambaye Kiswahili chake bado ni kizima. Aliniambia, "Mwanangu, hicho kitabu kiweke kando. Nyinyi si mnasema mezani, kashani, ukutani, mlangoni? Em ndiyo hiyo -ni yenu."

Na kweli. Sisi hatuulizi kama kitu kiko juu, ndani au kwenye uso wa kitu kingine. Tunaweka -ni, hali halisi inajieleza. Mreno naye hivyo hivyo (na hii ya Kireno ni em iliyoungana na a, nitaeleza mbele): na mesa ni mezani, na caixa ni kashani, na parede ni ukutani, na porta ni mlangoni. Tangu siku ile niliacha kupitia Kiingereza, na ninamshauri kila Mswahili anayeanza Kireno afanye hivyo.

Kitenzi nacho hakikunisumbua kama nilivyotishwa. Watu husema Kireno kina "kuwa" mbili, ser na estar, na kwamba kuzitofautisha ni kazi ya miaka. Kwa mahali pa vitu, sisi tunazo tayari. Hakuna Mswahili anayesema "filta ni rafuni". Tunasema filta iko rafuni. Basi "ni" ni é, na "iko" ni está: o filtro é novo, filta ni mpya, o filtro está na prateleira, filta iko rafuni. Zikiwa nyingi, está inakuwa estão, kama iko inavyokuwa ziko: os filtros estão na prateleira.

Ugumu ulikuwa kwenye jinsia. Kila jina la Kireno ni la kiume au la kike, na em haikai peke yake mbele ya o (ya kiume) au a (ya kike), vineno vinavyotangulia jina: inaungana nayo. Em ikiungana na o inakuwa no, ikiungana na a inakuwa na. Wingi ni nos na nas. Kwa hiyo ukisema kitu kiko kwenye droo, lazima uwe umeshajua kwamba gaveta ni ya kike (na gaveta), na kaunta, balcão, ni ya kiume (no balcão). Majina yanayoishia na -o mengi ni ya kiume, yanayoishia na -a mengi ni ya kike, lakini mapa (ramani) ni ya kiume, na yale ya -e hayana dalili: a chave (ufunguo), a parede, ila o leite (maziwa). Nilichukua kalamu ya wino mzito nikaandika upya lebo zote za stoo, kila jina na o au a yake mbele: a correia (mkanda), o rolamento (beringi), a vela (plagi), o pneu (tairi), o parafuso (skrubu). Sikujiruhusu kutamka jina bila o au a yake, hata kichwani. Mtoto wa Kiswahili hajifunzi "kiti" halafu baadaye akafundishwa kwamba ni cha ngeli ya ki-vi. Vinakuja pamoja, na Kireno kinataka kuingia hivyo hivyo.

Pale -ni isipotosha, tunasema juu ya, chini ya, ndani ya, nyuma ya, kando ya. Kireno kinajengwa vivyo hivyo, de ikikaa mahali pa "ya": em cima de, debaixo de, dentro de, atrás de, ao lado de. Nayo de inaungana: do kwa kiume, da kwa kike. Em cima do armário, juu ya kabati. Debaixo do balcão, chini ya kaunta. Atrás da porta, nyuma ya mlango. Ila uangalie entre: sisi tunasema "kati ya", wao hawaweki de kabisa. Entre a parede e o armário, kati ya ukuta na kabati.

Jioni kabla ya kufunga, mzee alikuwa akitaja kipuri nami namjibu kilipo. Kisha anakihamisha, anauliza tena. Betri ile ile ilipita sakafuni (no chão), kando ya mlango, nyuma ya matairi, mpaka mdomo ukazoea kubadili do na da bila kusimama kufikiri.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni aqui, aí na ali. Hapa, hapo, pale! Aqui ni nilipo mimi, aí ni ulipo wewe, ali ni mbali nasi sote wawili. Na lá ni kule. Kwenye simu na ghala la pili ilinifaa sana: a caixa está aí? yaani, kasha lipo hapo ulipo? Este, esse na aquele zinafuata mpangilio huo huo wa hiki, hicho na kile, nazo zinaungana na em: neste saco, nesse saco, naquele saco (saco ni mfuko).

Kitu ambacho msikilizaji bado hakijui hutajwa kwa há, ambayo ni "kuna" yetu, na haibadiliki kwa wingi: há uma caixa debaixo do balcão, há duas caixas debaixo do balcão. Akishakijua, unarudi kwenye está.

Jengo au mtaa ni jambo lingine, kwa sababu havihami. Hapo hutumika ficar: onde fica o banco? yaani, benki iko wapi? Mteja akiniuliza duka letu la pili liko wapi, namjibu kwa fica. Majina ya miji na nchi niliyakariri moja moja, maana mengine yana o au a na mengine hayana: em Nampula, em Pemba, em Maputo, lakini na Beira, em Moçambique, lakini na Tanzânia, no Quénia.